Maji Yakipanda, Usidhani Yameongezeka

Dhana: Jenereta ya mvuke hutoa umeme.

Jina ndilo linalopotosha. Katika vinu vya nyuklia vya maji ya presha, hili kwa kawaida ni pipa la chuma la kusimama, mara nyingi lenye urefu wa mita 20 hivi, na ndani yake mna maelfu ya mirija myembamba. Maji ya kinu, yenye presha ya takriban baa 155, hupita ndani ya mirija bila kuchemka. Maji mengine yaliyo nje ya mirija ndiyo yanayochemka, na mvuke wake ukazungusha turbini, mtambo wa mapanga unaoendesha mashine ya kuzalisha umeme.

Dhana: Maji mengi ni usalama zaidi.

Maji hayo ya nje ya mirija yakizidi, mvuke hubeba matone na kuyagongesha kwenye mapanga ya turbini. Yakipungua mno, kinu hukosa pa kutua joto lake, na mitambo ya ulinzi hukizima.

Dhana: Kipimo kikipanda, maji yameongezeka.

Muulize anayechemsha maharage. Povu likifika kwenye mfuniko hutia kikombe cha maji baridi, nalo likanywea: maji yameongezwa, kimo kimeshuka. Ndivyo ilivyo humu. Turbini ikidai mvuke zaidi, presha hupungua, viputo huvimba na kimo hupanda, ilhali maji yenyewe yanakwisha. Ukiingiza maji yasiyo moto wa kutosha, viputo hunywea na kimo hushuka kwanza, kisha ndipo kipande. Asiyejua hili huona kimo kinashuka, akaongeza maji, akaongeza tena. Baada ya muda yote yanainuka kwa pamoja na kupita kiwango.

Kwa hiyo vidhibiti haviangalii kimo peke yake. Hulinganisha pia mvuke unaotoka na maji yanayoingia. Tatizo ni kwamba mtambo unapowashwa mtiririko ni mdogo, vipimo hivyo viwili haviaminiki, na mara nyingi mwanadamu ndiye aliyeshika usukani. Si ajabu vinu vingi vimezimika ghafla katika hatua hiyo.

Dhana: Kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kiliyeyuka kwa sababu jenereta za mvuke zilikosa maji.

Kukosa zilikosa. Tarehe 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri, pampu za maji ya jenereta hizo zilisimama huko Pennsylvania, Marekani. Pampu za dharura ziliwaka, lakini vali za njia yake zilikuwa zimeachwa zimefungwa, na dakika 8 zikapita kabla mtu hajagundua. Jenereta zikakauka. Hata hivyo hilo lingerekebishika, na lilirekebishwa.

Kilichoangamiza kinu ni vali nyingine, ya kupunguza presha, iliyokwama wazi ikimwaga maji ya kinu chenyewe. Kipimo cha tangi la kudhibiti presha kilikuwa kikipanda. Waendeshaji wakaamini kinu kimejaa, wakapunguza maji ya dharura. Kipimo hakikudanganya kuhusu tangi. Ila kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli, kilikuwa kwingine, kikiachwa wazi bila maji, na karibu nusu yake ikayeyuka.