Funksheni zinazojiita katika XSLT: kina, marudio na namna ya kuziharakisha

XSLT ni lugha ya kugeuza hati ya XML (data iliyopangwa kwa lebo) kuwa hati nyingine, iwe XML ya muundo tofauti, HTML au matini ya kawaida. Toleo la 1.0 lilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1999, likiwa na kanuni inayomshangaza kila anayetoka kwenye Java au PHP: kigeu kikishapewa thamani, hakibadiliki tena. Huwezi kuanza na jumla ya sifuri kisha ukaiongeza kila unapopita mstari. Ndiyo maana XSLT hutegemea sana funksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) inayojiita yenyewe: inashughulikia kipande kimoja, inajiita kwa vilivyobaki, mpaka visibaki.

Funksheni ya aina hiyo ikiwa nzito, wengi hulaumu prosesa, yaani programu inayoendesha XSLT, au ukubwa wa hati. Mimi naona swali la kuanzia ni hili: tatizo ni kina, au ni marudio? Ni mambo mawili tofauti, na suluhisho la moja halisaidii jingine.

Kina ni idadi ya miito inayosubiriana. Funksheni ikijiita, kazi ambayo haijaisha huwekwa kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu inayotunza miito inayongoja. Ukijumlisha mistari 10,000 mmoja mmoja, unaweza kuwa na kazi 10,000 zinazongoja jibu. libxslt, prosesa inayotumiwa na amri ya xsltproc, kwa kawaida husitisha kazi violezo (templates, vinavyofanya kazi ya funksheni katika 1.0) vikiitana kupita ngazi 3,000. Unaweza kupandisha kikomo hicho kwa `--maxdepth`, lakini hati ikikua utakutana na tatizo lilelile.

Suluhisho ni kuhakikisha kujiita ndiko tendo la mwisho kabisa la funksheni. Ukiandika `$bei + k:jumla($zilizobaki)`, kujumlisha kunangoja jibu lirudi. Ongeza kigezo cha pili kinachobeba jumla iliyokwisha kupatikana, uandike `k:jumla($zilizobaki, $jumla + $bei)`, na hakuna tena kinachongoja. Prosesa inayolitambua hilo, kama Saxon, hutumia nafasi ileile ya staki hadi mwisho. Angalia tu kwamba mwito uliofungwa ndani ya elementi unayoijenga, au ndani ya `xsl:variable`, si tendo la mwisho hata kama umeandikwa chini kabisa. Kama prosesa yako haina uwezo huo, gawa orodha nusu kwa nusu na uiite funksheni kwa kila nusu: kwa mistari 10,000 kina hushuka hadi ngazi 14 au 15 hivi. Na ukiwa na XSLT 3.0, ya mwaka 2017, `xsl:iterate` inakupa njia ya kubeba thamani kutoka mstari hadi mstari bila kujiita hata kidogo.

Marudio, yaani kukokotoa jibu lilelile tena na tena, ni jambo zito zaidi, na ndilo linalofichika, kwa sababu programu haivunjiki, inachelewa tu. Chukua hati ya vipuri vya baiskeli. Gurudumu lina spoki, beringi na nati, fremu nayo ina nati zilezile, pedeli pia. Bei ya kitu ni jumla ya bei za vilivyomo ndani yake, kwa hiyo funksheni inajiita kwa kila kipuri, na bei ya nati inatafutwa upya kila inapotajwa. Fikiria mpangilio wenye ngazi 20, kila kitu kikikitaja cha chini yake katika mistari miwili: kipuri cha chini kabisa kitakokotolewa mara 1,048,576, ilhali vitu vyenyewe ni 21 tu.

Hapa kinachohitajika ni funksheni kukumbuka majibu yake. XSLT 3.0 ina sifa ya `cache` kwa kazi hiyo:

```
<xsl:key name="kipuri" match="kipuri" use="@namba"/>
<xsl:variable name="hati" select="/"/>

<xsl:function name="k:bei" as="xs:decimal" cache="yes">
  <xsl:param name="namba" as="xs:string"/>
  <xsl:variable name="p" select="key('kipuri', $namba, $hati)"/>
  <xsl:sequence select="
    if ($p/tumia)
    then sum(for $t in $p/tumia
             return xs:integer($t/@idadi) * k:bei($t/@namba))
    else xs:decimal($p/@bei)"/>
</xsl:function>
```

Usiipite `xsl:key` haraka. Watu wengi wangeandika `$hati//kipuri[@namba = $namba]`, na prosesa isiyojitengenezea faharasa ingepekua hati nzima kwa kila mwito. Kwa `key()` faharasa hujengwa mara moja. Hoja ya tatu, `$hati`, lazima iwepo, kwa kuwa ndani ya `xsl:function` hakuna nodi (sehemu ya hati) ya sasa ya kuanzia.

Marudio mengine hujificha katika `$orodha[position() > 1]`, yaani orodha bila mstari wa kwanza. Baadhi ya prosesa hunakili orodha iliyobaki kila hatua, na ukiongeza mistari mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Kama mistari ni ndugu ndani ya hati, pitisha nodi moja na usogee kwa `following-sibling::mstari[1]`.

Funksheni nyingine hazihitaji kuharakishwa, zinapaswa kuondoka. Msimbo mwingi wa enzi za 1.0 ulijiita ili kujumlisha bei mara idadi, kazi ambayo tangu 2.0 ni `sum(mstari/(bei * idadi))`. Kukatakata matini kwa `substring-before` nako kumeachiwa `tokenize()`. Kabla ya kugusa chochote, pima: xsltproc ina `--profile` na Saxon ina `-TP`, na zote huonyesha muda unaishia wapi.

Kuhusu `cache`, W3C inaihesabu kuwa ni ombi, na prosesa ina ruhusa ya kulipuuza, kwa hiyo pima tena baada ya kuiweka. Majibu yanayokumbukwa hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Funksheni inayopokea hoja mpya kila mara itaijaza bila faida yoyote. Tena, ikiwa funksheni inajenga nodi mpya, kila mwito kwa kawaida hutakiwa kutoa nodi tofauti, hivyo inabidi utangaze `new-each-time="no"` ili prosesa irudishe ileile. Funksheni zinazorudisha namba au matini, kama `k:bei`, hazina shida hiyo.