“Kwa nini hawakuondoka mapema?”

Kila mwaka nikifika kwenye somo la Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, hakosekani mwanafunzi wa kunyoosha mkono: “Mwalimu, sasa hao Wayahudi kwa nini hawakuondoka mapema?” Zamani nilikuwa nalijibu chapuchapu nirudi kwenye tarehe zangu. Siku hizi swali hilo nalipatia kipindi kizima, maana ndani yake mna habari mbili kwa mpigo: maangamizi yalivyoanza, na dunia ilivyoyapokea.

Wengi waliondoka. Hitler alipopewa ukansela tarehe 30 Januari 1933, Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao 500,000, hawafiki hata asilimia moja ya watu wote. Vita vilipoanza Septemba 1939, zaidi ya nusu walikuwa wameshatoka. Waliobaki hawakubaki kwa uzembe.

Mambo hayakuanzia kwenye kambi za mauaji, yalianzia mezani kwa karani. Aprili 1933 walifukuzwa utumishi wa serikali. Septemba 1935 zikaja Sheria za Nuremberg: wakavuliwa uraia, na kuoana na Wajerumani wengine kukawa jinai. Hapo huwaambia wanafunzi watoe karatasi, waandike majina ya babu na bibi zao wanne. Sheria haikujali wewe unasali wapi. Iliuliza wale wanne walikuwa wa dini gani, na watatu wakiwa Wayahudi, basi nawe Myahudi, hata kama ulibatizwa ungali mchanga na baba yako alipigania Ujerumani kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1938 pasipoti zao zikagongwa herufi J nyekundu, baada ya Uswisi kudai njia ya kuwatambua mpakani.

Kisha fedha, na hapa ndipo penye mtego wenyewe. Mwenye mali aliyetaka kuhama alikatwa kodi ya robo nzima ya mali yake, na akiba iliyosalia akaibadilisha kwa bei ya kunyonywa. Kufikia 1939 watu walikuwa wanatoka na mark 10 mfukoni. Halafu wanafika ubalozini, wanaulizwa: mna fedha za kutosha msije mkawa mzigo kwetu? Serikali moja inakukamua, ya pili inakukataa kwa kuwa umekamuliwa.

Julai 1938 nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, katika hoteli ya kifahari kando ya ziwa, kujadili wakimbizi hao. Mjumbe baada ya mjumbe alisimama, akatoa pole, akaeleza kwa nini kwao hakuna nafasi. Wa Australia alisema nchi yake haina tatizo la rangi, wala haitaki kuliagiza kutoka nje. Jamhuri ya Dominika peke yake ndiyo iliyojitolea kupokea watu wengi, hadi 100,000. Waliokwenda kuishi Sosúa, makazi waliyotengewa huko, wakaishia kuwa mamia tu. Miezi minne baadaye, usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, masinagogi yaliteketezwa Ujerumani kote, wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa kambini, na Wayahudi hao hao wakatozwa faini ya mark bilioni moja. Roosevelt, rais wa Marekani, alimrudisha balozi wake nyumbani, lakini idadi ya viza hakuigusa. Uingereza, tuipe haki yake, ilipokea watoto karibu 10,000. Wazazi wao walibaki kwenye vituo vya treni wakipunga mkono.

Meli ya St. Louis, iliyobeba wakimbizi Wayahudi kutoka Ujerumani kwenda Kuba, wengi mnaifahamu: Mei 1939, abiria zaidi ya 900, bandarini Havana wakaruhusiwa kushuka 28 tu. Ikapita karibu na Florida, abiria wakiziona taa za Miami, ikarudi Ulaya. Miongoni mwa waliorudishwa, 254 waliuawa baadaye.

Ila swali la mwanafunzi wangu lina kasoro. Kati ya Wayahudi milioni sita waliouawa, karibu nusu walikuwa wa Poland. Hao Ujerumani iliwafuata kwao kwa vifaru. Mwaka 1941 mauaji yalikuwa ya risasi: Babi Yar, karibu na Kiev, watu 33,771 kwa siku mbili, hesabu iliyotolewa na wauaji wenyewe kwa wakubwa zao.

Januari 1942 maofisa 15 wa Kinazi walikutana Wannsee, Berlin, kupanga maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya nzima. Nina nakala ya ukurasa wa 6 wa kumbukumbu za kikao kile, na huwa naizungusha darasani kimyakimya. Ni orodha iliyopigwa taipu: nchi, na mbele yake idadi ya Wayahudi. Albania 200. Ireland 4,000, nchi ambayo hata vitani haikuwamo. Mbele ya Estonia hakuna namba, pameandikwa kwamba haina Wayahudi. Kazi ilishaisha.

Kufikia Desemba 1942 serikali za Washirika zilitamka hadharani kwamba Wayahudi wanaangamizwa, na wabunge wa London wakasimama kimya kuwaombolezea. Aprili iliyofuata Uingereza na Marekani zikakutana Bermuda kujadili wakimbizi. Kikao kilifunguliwa tarehe 19, siku ileile Wayahudi wa ghetto ya Warsaw, mtaa waliofungiwa huko Poland, walipoanza kupigana na Wajerumani kwa bastola na mabomu ya kujitengenezea. Kule Bermuda hakikutoka kitu cha maana.

Nikiona darasa bado halijashawishika, nawapeleka huku kwetu, Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 1940 Wayahudi 1,580 waliotoroka Ulaya walikuwa wameshafika Palestina, iliyokuwa chini ya Uingereza. Waingereza wakawapakia melini kwa kuingia bila kibali, wakawafunga Mauritius, katika gereza la Beau Bassin: wanaume kwenye seli, wanawake kwenye vibanda vya mabati. Waliachiwa Agosti 1945, na zaidi ya 100 wamezikwa pale kisiwani, makaburini Saint-Martin.

Hao waliondoka.