Je, wajua kwa nini diskasheni, yaani kusoma kwa kujadiliana katika kikundi, humfaa zaidi mwanafunzi wa uhandisi aliye mpweke darasani?

Jioni inapoingia Mlimani, kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya nje, vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utawakuta wanafunzi wa uhandisi wakibishana juu ya swali moja kwa saa nzima. Msichana mmoja kati ya wavulana wengi, au kijana aliyetoka shule ya kata isiyokuwa na maabara, mara nyingi hayumo. Anasoma peke yake, akiamini kwamba ugumu anaoukuta ni wake tu.

Upweke huo ulichunguzwa Marekani katika miaka ya 1970 na Uri Treisman, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walianguka katika kalkulasi, tawi la hisabati linalohusu mabadiliko. Watu walidhani hawana ari au maandalizi. Alipowafuatilia, aligundua kwamba walijitahidi sana, lakini kila mmoja kivyake, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikutana, wakalinganisha majibu na kusahihishana. Akaanzisha warsha za vikundi, na waliohudhuria wakapata alama nzuri zaidi. Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba hakuwapa masomo ya kuwafidia wanyonge, bali maswali magumu kuliko ya darasani.

Siri iko katika kueleza. Anayelazimika kumweleza mwenzake kwa nini boriti iliyoegemea nguzo mbili na kubeba mzigo uliotandazwa sawasawa hupindwa zaidi katikati, hugundua mara moja hatua aliyoikariri bila kuielewa, na kosa lake husahihishwa na wenzake kabla halijamfikisha kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Hapa kwetu kuna faida nyingine: mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, lakini diskasheni huendeshwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo dhana hukaa.

Hata hivyo, kikundi chaweza kumwacha mtu nje akiwa ndani yake. Msichana akifanywa mwandishi wa kudumu huku wavulana wakikokotoa, hajifunzi. Kalamu ya ubaoni ipokezanwe. Saa nayo ni muhimu: kikundi kinachokutana saa nne usiku kimekwisha kumfungia mlango anayetegemea daladala mbili kurudi Mbagala, hivyo mkutano wa saa kumi alasiri, mara tu baada ya kipindi, humpa nafasi ambayo hakuna mhadhiri awezaye kumpa.