Je, wajua kwa nini mwalimu anayewafundisha watoto falsafa hatoi jibu?

Maembe sita, watoto watatu, na mmoja wao hajala tangu jana. Je, ni haki kila mmoja apate mawili? Mwulize hivyo mtoto wa darasa la tatu, atakujibu papo hapo. Kazi huanza pale jirani yake anapopinga, wote wawili wakamgeukia mwalimu awaamue, naye mwalimu akauliza: "Kupata sawa na kupata haki, ni kitu kimoja?" Mpita njia atadhani mwalimu hajajiandaa. Kumbe hapo ndipo anapofanya sehemu ngumu kuliko zote za somo.

Njia hii ilianzishwa na Mmarekani Matthew Lipman, aliyekuwa akifundisha mantiki katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliona kwamba kuwafundisha vijana wa chuo kanuni za kufikiri ni kuchelewa mno. Akawaandikia watoto hadithi. Mhusika wake, Harry, amezubaa darasani, anaulizwa ni nini chenye mkia mrefu kinacholizunguka jua kwa miaka mingi. Kwa kuwa amesikia kwamba sayari zote hulizunguka jua, anajibu: sayari. Darasa zima linacheka, maana jibu lilikuwa nyotamkia. Harry anabaki akijiuliza amekosea wapi, mpaka anagundua kwamba sentensi ya "kila" haigeuzwi kichwa chini miguu juu: kila ng'ombe ni mnyama, lakini si kila mnyama ni ng'ombe.

Kanuni hiyo Harry hakuamriwa kuikariri. Aliitafuta kwa sababu alijikwaa, kisha akaijaribu pamoja na wenzake. Lipman alitaka darasa lote liende hivyo. Mwaka 1970 aliifanyia majaribio hadithi hiyo katika shule ya Montclair, New Jersey, na mwaka 1974 kikafunguliwa huko kituo cha kuendeleza kazi hiyo, akisaidiana na Ann Margaret Sharp. Darasa lenyewe waliliita jumuiya ya udadisi.

Kipindi kimoja huchukua dakika 45 hadi 60, mara moja kwa wiki. Watoto hukaa duara, mwalimu miongoni mwao, si mbele yao. Husomwa hadithi fupi, au huwekwa picha au kitu katikati. Hufuata dakika moja ya kimya, halafu wawili wawili hutunga swali. Maswali yote huandikwa ubaoni pamoja na majina ya waliouliza, kisha darasa huchagua moja. Wapige kura wakiwa wamefumba macho. Wakinyoosha mikono huku wanatazamana, swali la mtoto mwenye marafiki wengi litashinda kila wiki.

Uteuzi wa swali ndio unaoamua kama saa itazaa kitu. "Sungura alikimbilia wapi?" hujibiwa kwa kurudia kusoma hadithi. "Simba hula nyama kiasi gani?" hujibiwa kwa kumuuliza anayejua. "Je, sungura alidanganya, au alinyamaza tu?" ni swali la namna nyingine kabisa, maana watu wawili wanaojua yote yaliyotokea bado wanaweza kutofautiana. Mwalimu awazoeze watoto kutumia kipimo hicho wao wenyewe.

Mjadala ukianza, mwalimu husimamia hoja, wala si hitimisho. "Kwa nini wasema hivyo?" "Nani ana mfano unaovunja kanuni hiyo?" "Hilo linaafikiana na alilosema mwenzako?" Watoto nao hufundishwa kuanza hivi: "Sikubaliani na hoja hiyo, kwa sababu..." Wasiseme "sikubaliani nawe". Tofauti ni ndogo kwa sikio, lakini mtoto aliyelelewa kuona kupinga kuwa utovu wa adabu huihitaji sana.

Kosa la kwanza la walimu wazuri ni kusifu. "Vizuri sana!" moja tu yatosha kuwaonyesha watoto jibu analolipenda mwalimu, na baada ya hapo kila mkono utafuata upande huo. La pili ni haraka. Mtafiti Mary Budd Rowe alikuta walimu wakisubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa wakinyamaza walianza kusema. Kosa la tatu ni kinyume cha hayo: kuacha kila mtu atoe maoni yake, yakapokelewa yote, basi. Hayo ni mazungumzo tu. Maoni yasiyoombwa sababu hayajachunguzwa.

Darasa la watoto 60 haliingii katika duara moja. Fanya maduara mawili: 20 ndani wanajadili, walio nje kila mmoja anaandika hoja moja aliyoisikia na sababu yake. Badilisheni baada ya dakika 15.

Je, faida yake imepimwa? Uingereza, jaribio la shule 48 lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha maendeleo kidogo katika kusoma na hesabu. Jaribio kubwa zaidi la shule 198, lililochapishwa mwaka 2021, halikuona nafuu hiyo katika kusoma. Kwa hiyo asiiuze mtu njia hii kama dawa ya kupandisha alama za mtihani. Inafaa kufundishwa kwa sababu kuombana sababu na kupeana sababu ni stadi yenyewe.

Dakika tano za mwisho kila mtoto husema neno moja la mwisho au husema "napita", na aliyebadili mawazo hueleza hoja iliyombadilisha. Mwalimu hajibu wala hajumlishi. Swali lililobaki hubandikwa ukutani, na wiki ijayo kipindi huanza kwa kulisoma.