Mpagani: neno lililosingiziwa kutoka Roma hadi Ufini

Ukimwita mtu mpagani leo, wengi wataelewa kwamba hana dini, na wengine wataongeza kuwa neno lenyewe lilizaliwa na tusi ndani yake. Yote mawili si kweli. Katika Kilatini, *pagus* ilikuwa wilaya ya mashambani, na *paganus* alikuwa mkazi wake. Basi. Habari za imani hazikuwamo. Maana ya kidini ilishika mizizi katika karne ya 4, Wakristo walipoanza kuwaita hivyo watu walioendelea kuabudu miungu ya jadi. Na watu hao walikuwa na mahekalu, makuhani, sadaka na sikukuu zao. Walichokosa ni ubatizo, dini walikuwa nayo. Naona ni haki yao jambo hili lisemwe waziwazi, kwa sababu jina hilo hawakujipa wao.

Je, waliitwa hivyo kwa kuwa Ukristo uliingia mijini kwanza na watu wa shamba wakabaki nyuma? Ndiyo maelezo maarufu zaidi, na Orosius, mwanahistoria Mkristo, aliyaandika mwanzoni mwa karne ya 5. Lakini katika jiji la Roma lenyewe, mwishoni mwa karne ya 4, familia kubwa za maseneta bado ziliitetea miungu ya mababu, na hakuna aliyeweza kuwaona maseneta kuwa watu wa shamba. Lipo elezo jingine. Kwa askari wa Kirumi, *paganus* alikuwa raia wa kawaida, asiye mwanajeshi. Tertullian wa Carthage, mwandishi Mkristo, alilitumia hivyo mwanzoni mwa karne ya 3. Wakristo nao walijiita askari wa Kristo, kwa hiyo aliyebaki nje ya jeshi hilo akawa *paganus*. Wataalamu hawajakubaliana. Mimi elezo hili la pili linanishawishi zaidi, hasa nikiwakumbuka maseneta wale.

Katika lugha zilizotokana na Kilatini neno limebaki karibu lilivyo: *pagano* kwa Kihispania na Kiitaliano, *pagão* kwa Kireno, *păgân* kwa Kiromania, *païen* kwa Kifaransa. Wasemaji wengi wa lugha hizo hawafikirii kwamba *pays*, *país* na *paese*, maneno yao ya "nchi", yanatoka kwenye *pagus* hiyohiyo, kupitia *pagensis*. Kwa Kikatalani *pagès* ni mkulima hadi leo. Hata hivyo kufanana kunaweza kudanganya. Kihispania kina *pagano* mwingine, yule anayeachiwa bili za wenzake, naye ametokana na *pagar*, kulipa. Hiyo nayo ilitoka kwenye *pacare*, kutuliza, si kwenye *pagus*.

Dhana iliyojificha zaidi iko kaskazini. Kifini na Kiestonia si ndugu wa Kilatini. Ni lugha za jamii ya Kiurali. Ila Kifini kina *pakana*, mpagani. Kwa kuwa Uswidi iliitawala Ufini kwa karne nyingi, hadi 1809, ni rahisi kudhani kwamba mapadri wa Kikatoliki waliotoka Uswidi ndio waliolileta. Lakini Kiswidi husema *hedning*, neno la ukoo mwingine. *Pakana* ilipita mashariki: Waslavi walichukua *paganus* wakaifanya *poganъ* (ъ na ь ni irabu fupi sana), kisha jirani zao wasemaji wa lugha za jamii ya Kifini wakaipokea.

Ushahidi umo katika sauti. O fupi ya Kislavi cha kale huonekana kama a katika maneno yaliyokopwa mapema sana: *popъ*, padri, ikawa *pappi*, *bobъ*, haragwe, ikawa *papu*. *Poganъ* imefuata njia hiyohiyo. Konsonanti mbili mwanzoni mwa neno nazo hazikukubalika, kwa hiyo *krьstъ*, msalaba, ikawa *risti*, na *gramota*, maandishi, ikawa *raamattu*, ambayo kwa Wafini ni Biblia. Maneno ya msingi ya kanisa, kumbe, yalifika kutoka mashariki.

Waestonia husema *pagan*, na kwa sababu huandikwa sawasawa na neno la Kiingereza, hudhaniwa kuwa ni mkopo wa juzi. Sivyo: ni *pakana* ileile ya Wafini, ya tangu enzi za *poganъ*, na Mwestonia aliyekasirika huitamka pia kama laana ndogo.