DNA kukatika si sawa na DNA kuharibika

Kuna sentensi moja ya ripoti ya maabara ambayo imewanyima watu wengi usingizi bila sababu: “Jeni za kingamwili zimeonekana kupangwa upya.” Mtu anaisoma akiwa bado kwenye korido, anaitafuta kwenye simu, na akifika mezani kwangu hukumu ameshajitolea: DNA yangu imekatika, basi nina saratani. Nimeisikia kauli hiyo kwa wagonjwa na kwa ndugu zao mara nyingi mno. Kinachoniuma zaidi ni kuisikia kwa watumishi wa afya, watu ambao mgonjwa anawaamini. Kwa hiyo dhana hiyo nitaijibu kwa urefu, na nyingine nitazipitia kwa mwendo wa haraka.

“DNA ikikatika au ikibadilika, hapo kuna ugonjwa”

Kila seli B na kila seli T (chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili) iliyokomaa mwilini mwako ilikata DNA yake yenyewe, kwa makusudi, kabla ya kukomaa. Iliyoshindwa kukata, au iliyokata ikashindwa kuunga, ilifia kwenye uboho au kwenye thimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T hukomaa. Ripoti inayosema kwamba seli zako B zimepanga upya jeni zake inakuambia tu kwamba una seli B.

Kingamwili ni protini ambayo seli B huitengeneza ili kushika kimelea, nayo ina minyororo ya aina mbili, mzito na mwepesi. Jeni ya mnyororo mzito iko kwenye kromosomu ya 14, lakini katika DNA uliyorithi kwa wazazi haipo ikiwa kamili. Ipo kwa vipande: vipande V kama 40 vinavyofanya kazi, vipande D 23 na vipande J 6. Seli B changa huchukua kimoja kutoka kila kundi. Protini mbili, RAG1 na RAG2, hutambua alama fupi zilizo pembeni mwa vipande hivyo, sehemu moja ya alama ikiwa na herufi 7 za DNA (A, C, G au T) na nyingine herufi 9, kisha hukata nyuzi zote mbili za DNA. D huungwa na J kwanza, V hufuata, na kwa kawaida DNA iliyokuwa katikati huondolewa. Baadaye mnyororo mwepesi hupangwa kwa utaratibu huohuo kwenye kromosomu ya 2 au ya 22. Mwaka 1976, akiwa Basel, Susumu Tonegawa alilinganisha DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya seli za panya zinazozalisha kingamwili, akakuta vipande vilivyokuwa mbalimbali vimesogezwa vikakaa pamoja. Wakati ule wengi waliamini DNA ni ileile katika kila seli ya mwili. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Kukata ni nusu ya kazi. Uzuri wenyewe uko kwenye kuunga, na hapa ndipo watu hawafiki kwa sababu wameshaogopa neno “kukatika”. RAG huacha ncha za vipande zikiwa zimejikunja na kujifunga. Protini Ku70 na Ku80 huzishika zisipotee. Protini nyingine, Artemis, ikisaidiwa na mwenzake DNA-PKcs, huzifungua, na mara nyingi huzifungua pembeni kidogo ya ncha, hivyo herufi kadhaa huongezeka au hupotea. Kisha kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ya kikemia) kiitwacho TdT, kinachopatikana hasa katika seli changa za kinga, hubandika herufi nyingine bila kunakili popote. Mwisho kimeng'enya ligezi IV na mwenzake XRCC4 hufunga kiungo. Kiungo hicho chenye herufi za kubahatisha ndicho kinachokaa katikati ya sehemu ambayo kingamwili hutumia kushika kimelea.

Ukiondoa RAG na TdT, kikosi hicho ndicho kinachounga DNA ya seli ya ini, ya ngozi au ya figo ikivunjwa na mionzi. Huunga ncha kwa ncha bila nakala ya kufuata, na herufi moja mbili hupotea njiani. Kwenye ini hiyo ni hasara inayovumilika. Kwenye seli B changa, kuunga huko kusiko na uangalifu ndiko kunakoipa kila seli kingamwili isiyofanana na ya jirani yake. Gharama yake ni kubwa: jeni husomwa kwa herufi tatu tatu, hivyo takriban viungo viwili kati ya vitatu huishia kusomeka vibaya. Seli hujaribu tena kwenye nakala ya kromosomu hiyo iliyotoka kwa mzazi mwingine, na ikishindwa huko nako, hufa. Mwili unakubali upotevu huo kila siku.

Sasa turudi kwenye ripoti. Daktari alipoagiza kipimo hicho hakutaka kujua kama jeni zimepangwa upya. Alitaka kujua kama zote zimepangwa kwa namna moja. Maabara hukizalisha kipande chenye kiungo kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kisha hupima urefu wa nakala zilizopatikana. Mtu mwenye mchanganyiko wa kawaida wa seli B huonyesha kilima cha vilele vingi vyembamba, virefu katikati na vifupi pembeni, mara nyingi vikiachana kwa herufi tatu tatu. Pengo hilo la herufi tatu ni alama ya mchujo niliousema, kwa kuwa seli nyingi zilizobaki hai ni zile ambazo kiungo chao kinasomeka. Kikisimama kilele kimoja kirefu na vingine vimelala, maana yake seli nyingi zimezaliwa na seli moja. Hapo ndipo tunaanza kuwaza limfoma, saratani ya seli hizi za kinga, na hata hapo hatusemi saratani kwa kilele peke yake. Sampuli yenye seli chache, au maambukizi yaliyoamsha ukoo mmoja wa seli, vinaweza kutoa picha hiyohiyo. Jibu hukamilika likiwekwa pamoja na kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa na kuangaliwa kwa hadubini. Kwa hiyo, ukishika ripoti ya namna hii, swali la kumuuliza daktari ni moja: je, seli hizi ni za ukoo mmoja au za koo nyingi?

Sikatai kwamba kukata DNA kuna hatari. Mara chache ncha huungwa na kromosomu isiyo yake. Katika limfoma ya Burkitt, jeni ya MYC ya kromosomu ya 8, inayosukuma seli igawanyike, hupelekwa, mara nyingi, kwenye eneo la jeni za kingamwili la kromosomu ya 14, na kuamriwa kufanya kazi bila kupumzika. Katika limfoma ya folikula, jeni ya BCL2 ya kromosomu ya 18, inayozuia seli isife, huhamia hukohuko 14, na seli iliyopaswa kufa ikagoma. Lakini muunganiko huo wa 14 na 18 hupatikana pia katika seli chache za damu ya watu wazima wenye afya ambao hawapati limfoma kamwe. Ili saratani itokee, makosa mengine lazima yaongezeke juu ya hilo.

“Kinga husubiri kidudu kije, ndipo ibuni kingamwili”

Dhana hii ina heshima zake, kwa sababu hata mwanakemia mashuhuri Linus Pauling aliitetea mwaka 1940: alidhani kimelea ndicho kinachoipa kingamwili umbo. Mwaka 1957 mwanasayansi wa kinga Macfarlane Burnet alieleza kinyume chake, na ushahidi ukamuunga mkono. Seli yenye kingamwili inayofaa ipo kabla kimelea hakijaingia. Kimelea kinapokuja huichagua, nayo huanza kuzaliana. Ndiyo maana mpangilio wa kubahatisha ni wa lazima. Mwili hauwezi kujua ni kimelea gani kitakuja, na jeni zinazotengeneza protini, zote za binadamu, ni kama 20,000 tu. Anayedhani kila kingamwili ina jeni yake tangu kuzaliwa afanye hesabu hiyo mwenyewe.

Baada ya kuchaguliwa kuna awamu ya pili, na hii naona inasahaulika hata darasani. Ndani ya tezi za limfu, seli B huwasha kimeng'enya AID, kilichogunduliwa na kundi la Tasuku Honjo mwishoni mwa miaka ya 1990. AID huigeuza herufi C ya DNA kuwa U, herufi isiyostahili kuwa kwenye DNA. Kikosi cha ukarabati huja kuiondoa, lakini katika jeni za kingamwili ukarabati huo huachiwa vimeng'enya vinavyokosea sana. Matokeo yake ni badiliko moja hivi kwa kila herufi 1,000 seli inapogawanyika, kasi inayokaribia mara milioni moja ya ile ya kawaida. Seli ambazo badiliko limezifanya zishike kimelea kwa nguvu zaidi huendelea, nyingine hufa. AID hiyohiyo ndiyo huanzisha mikato inayoibadilisha kingamwili ya aina ya kwanza, IgM, kuwa ya aina nyingine: IgG, IgA au IgE. Watoto wanaozaliwa bila AID wana IgM nyingi na karibu hawana hizo nyingine, na huandamwa na maambukizi ya bakteria.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaosema chanjo inabadilisha DNA ya mtu. Anayeibadilisha ni seli B mwenyewe, kwa AID yake, hasa katika jeni za kingamwili, kama anavyofanya ukipata mafua. Yai na mbegu za kiume hazihusiki. Kwa sababu hiyohiyo, kinga uliyoijenga huwezi kumrithisha mtoto kwa jeni. IgG ya mama inayopita kwenye kondo ni protini, na huisha katika miezi ya mwanzo ya mtoto.

“Kuna vidonge vya kurekebisha DNA”

Mwanasayansi Tomas Lindahl alionyesha kwamba DNA hubomoka yenyewe, ndani ya maji, kwenye joto la mwili. Kila seli hupoteza herufi za A na G kama 10,000 kwa siku, na kila siku hurudishiwa. Mwaka 2015 yeye, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Nobel ya Kemia kwa kueleza njia tatu za ukarabati huo. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya ambavyo seli huvitengeneza kwa jeni zake, na havinunuliwi kwenye chupa. Mtoto mwenye zeroderma pigmentosa, aliyekosa njia inayoondoa madhara ya jua, hupata saratani ya ngozi angali mdogo, na kinachomsaidia ni kukingwa na jua. Anayetaka kuisaidia DNA yake aache sigara. Nimeusema ushauri huu hadi wengine wananikwepa, na sitauacha.

“Kinga ya mtoto iko chini, itapanda akikua”

Kauli hii nisingeigusa kwa upole hata kidogo. Kwa mtoto aliyezaliwa bila RAG au bila Artemis inayofanya kazi, hakuna cha kupanda. Seli zake hazikati, au zinakata zikashindwa kuunga, na hivyo hana seli T wala seli B. Utando mweupe mdomoni usioisha, kuharisha, nimonia juu ya nimonia na uzito kugoma kuanzia miezi ya mwanzo: huyo asipewe sharubati ya kuongeza kinga akarudishwa nyumbani.

Anzeni na picha kamili ya damu, na msiishie kwenye jumla ya chembe nyeupe. Shukeni hadi mstari wa limfosaiti, kundi la chembe nyeupe lenye seli B na seli T. Kichanga huwa na limfosaiti nyingi kuliko mtu mzima, hivyo idadi iliyo chini ya 2,500 kwa mikrolita inahitaji uchunguzi hata kama kwa mtu mzima ingepita. Njia bora ni kipimo cha watoto wachanga. Seli T inapopanga jeni za kipokezi chake, kile inachotumia kutambua kimelea, DNA iliyokatwa hubaki ndani ya seli ikiwa pete ndogo. Tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kuzihesabu pete hizo. Zikikosekana, seli T mpya hazitengenezwi. Jimbo la Wisconsin lilianza kuwapima watoto wote wachanga kwa njia hiyo mwaka 2008, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yanafanya hivyo.

Mtoto akishukiwa tu, chanjo hai kama BCG, ya rota na ya polio ya matone zisubiri hadi majibu yatoke. Kisha jeni husika itafutwe kabla ya kupanga upandikizaji wa uboho, kwa sababu kwenye vipimo vya damu mtoto asiye na RAG na asiye na Artemis wanafanana kabisa. Wa kwanza kasoro yake inaishia kwenye seli za kinga. Wa pili anashindwa kuunga DNA katika kila seli ya mwili, hivyo mionzi na baadhi ya dawa kali za kuandaa upandikizaji humwachia udumavu na meno yasiyokua. Ikiwa jibu la jeni linachelewa, seli za ngozi yake zinaweza kupigwa mionzi maabara na kuangaliwa kama zinajitengeneza. Wakati huo wote, ultrasaundi ikitosha, CT skani isifanywe, kwa kuwa hutumia mionzi.