Mtungi sio wa oksijeni, jamani

Wiki hii tena. Jamaa katoka Dar, mtu mzima na kazi yake, kazamia na miye Mnemba siku mbili, mbizi nne jumla, ya mwisho katoka majini saa nane mchana. Anavua wetsuti pale botini ananambia kaka tuwahi pwani, saa kumi na moja nina ndege ya Arusha. Nkamwambia bosi, leo hupandi ndege. Akacheka. "Si nimevuta oksijeni safi siku mbili, mbona najisikia mwepesi tu."

Oksijeni! Mpaka vijana wanaobeba mitungi mchangani wanapiga kelele "oksijeni hiyo, pisheni".

Mna hewa humo yakhe. Hii hii unayovuta sasa hivi, kompresa imeinyonya nyuma ya duka, ikaichuja, ikaishindilia, mtungi wa lita 11 ukijaa presha ya bar 200 umebeba kama lita 2,200 za hewa ya Nungwi. (Ndo maana miye kwanza naangalia jenereta imekaa wapi na upepo unatoka wapi, kusi au kaskazi. Mtungi ukinukia moshi rudisha, usione haya.) Oksijeni mle ni asilimia 21 tu. Nikikujazia oksijeni tupu nkakuteremsha kupita mita 6 unaweza ukashikwa na degedege, regileta ikuchopoke mdomoni unywe maji. Oksijeni yenyewe tunayo, iko kwenye begi la kijani chini ya kiti cha nahodha, na siku likifunguliwa hilo ujue mambo yashaharibika.

Ubaya wa hilo jina linamficha mwenye kesi, naye ni naitrojeni, hiyo karibu yote iliyobaki. Hapa juu haina habari na wewe. Mita 10 presha inakuwa mara mbili, mita 30 mara nne, na mwili unaanza kuimeza. Chukulia samaki unayemtia chumvi awe ng'onda, ngozi inakolea upesi, mnofu wa ndani taratibu, na ukija kumroweka napo chumvi haitoki mara moja. Damu inapokea haraka na kutoa haraka, mafuta na maungo yanachelewa kote kuwili. Ukipanda polepole ukasimama mita 5 dakika 3, nyingi inatoka kwa pumzi, lakini baada ya siku mbili za mbizi bado unayo, huisikii, unakula chapati zako, halafu unapanda kindege, presha inashuka, ile naitrojeni inafanya mapovu ndani yako. Kwa hiyo mbizi moja subiri masaa 12, zaidi ya hapo masaa 18.

Nitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni? Inapunguza naitrojeni, haikupi ruhusa ya kwenda chini zaidi, ile yenye oksijeni asilimia 32 mwisho wake kama mita 33. Basi.

Na nseme hili ambalo kwenye kozi tunalipita mbio: hiyo kompyuta mkononi haipimi naitrojeni yako. Inapiga hesabu ya kina na muda kwa mwili wa kukisia, haijui jana umelala saa ngapi wala umekunywa maji au hujanywa. Miye mwaka mmoja, mbizi ya kawaida kabisa mita 18, kompyuta haijalia hata mara moja, usiku kiwiko kikaniuma kama jino, ndo mapovu hayo, nkapiga simu kwa daktari huku navuta oksijeni ya lile begi mpaka kikatulia. Mwenzangu tuliyezamia naye bega kwa bega kalala fofofo. Kwa nini miye na si yeye? Nimeuliza walimu wangu, kila mmoja na jibu lake, na miye sijalipata linaloniingia. Hata hayo masaa 18 yanapunguza hatari tu, hayaimalizi, ndo maana wageni wangu nawaambia 24 na wakininunia poa.

Jamaa kabadilisha tiketi, kalipa faini, kuniaga hakuniaga. Kesho yake jioni kanitumia picha ya sahani ya urojo Forodhani, chini kaandika "mkutano umenikosesha, ila hii kitu tamu".